GHALA LISILO NA DAFTARI

Kila mwenzetu aliyepata kushika funguo za ghala aijua siku ya makabidhiano. Anayeondoka husoma daftari, naye anayeingia huhesabu: majembe, mablanketi, taa, mifuko ya simenti. Likipungua karai moja huandikwa barua, na barua hiyo humfuata mtu hata kituo cha pili. Basi na tumfikirie mtunza ghala amwambiaye mrithi wake, "Humu mna vitu baina ya 150 na 450, hesabu kamili hatunayo, tafadhali tia sahihi hapa." Nani katika sisi angekubali kutia sahihi?

Hesabu hiyo hatukuibuni kwa mzaha. Ndiyo hesabu itolewayo juu ya mapango yenye michoro katika vilima vya Kondoa, jirani zetu wa kusini. Mwaka 2006 vilima hivyo viliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, eneo la kilometa za mraba 2,336, na katika maelezo yake imekadiriwa ya kuwa miamba iliyochorwa haipungui 150, nayo yaweza kufika 450. Yaani huenda kwa kila mwamba mmoja tuujuao kuna miwili ambayo hatuijui. Ulimwengu mzima umeambiwa ya kuwa mali hii ni ya thamani, na sisi wenyeji hatuwezi kusema ni mingapi.

Hatusemi haya kwa kuwadharau wataalamu wa Mambo ya Kale. Wao ni wachache, vilima ni vingi, na mwamba uliojificha nyuma ya miiba hauonekani kwa mtu apitaye barabarani. Twasema kwa sababu kuandika, kuhesabu na kutunza majalada ni kazi yetu sisi, wala si ya mwingine. Mtu akituuliza sisi wa Singe tuna shauri gani na Kolo, jibu letu ni kwamba si safari ndefu: ukitoka hapa Babati kwa barabara kuu ya kusini wapita Bonga, wapanda Bereko, nawe umekwisha kuikaribia Kolo. Tena vilima havikuulizwa wakati mpaka wa mkoa ulipopigwa. Mkoa wetu wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002. Watu waliochora miamba ile hawakujua Manyara wala Dodoma.

Yafaa tukumbuke walioanza kuiandika michoro hiyo walikuwa watu wa namna gani. Bwana T. A. M. Nash, aliyetoa habari yake mwaka 1929, hakuajiriwa kutafuta michoro. Kazi yake ilikuwa mbung'o. Aliingia porini kwa ajili ya wadudu, akaona mwamba, akaandika alichokiona. Bwana Henry Fosbrooke naye alikuwa mtumishi wa Serikali ya Tanganyika katika utawala, na mwaka 1950 yeye na wenzake walichapa mwongozo wa michoro ya miambani ya nchi hii katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Watu hao walikuwa na kazi nyingine za mshahara, kama sisi. Mwaka uliofuata, 1951, Bi Mary Leakey alikuja na mumewe wakakaa Kondoa miezi kama mitatu. Waliorodhesha mahali 186, na Bi Leakey akanakili kwa mkono wake picha kama 1,600: twiga, tembo, pofu, watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wengine kama wanacheza ngoma, wengine kama wanashikana. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1983 alikipa jina lenye kueleza ya kuwa sanaa hii ya Afrika inatoweka. Jua, maji ya mvua, moshi, na migongo ya mifugo isuguayo ukuta, vyote havina likizo. Pale rangi ilipofifia, karatasi ya 1951 ndiyo shahidi aliyebaki.

Sasa twaungama jambo letu wenyewe, nalo si la fahari.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa vilima vya kusini mwa wilaya alileta barua katika ofisi moja ambayo baadhi yetu tumepata kufanya kazi. Hatutaitaja, maana lililotokea pale lingeweza kutokea katika ofisi yoyote. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, imeandikwa na mjukuu wake wa shule. Ilisema ya kuwa juu ya shamba lake kuna mwamba wenye wanyama wekundu, babu zake waliukuta, na sasa kuna vijana wameanza kupasua mawe ya chini yake kwa kokoto. Je, Serikali yasemaje? Karani aliyeipokea alifanya kama alivyofundishwa: aliipiga muhuri, akaandika tarehe, akatafuta jalada. Jalada la mashamba halikufaa, kwa kuwa haikuwa kesi ya shamba. La madini halikufaa, kwa kuwa kokoto haikuwa ndiyo habari. La utamaduni lilikuwa limejaa ngoma za sikukuu. Mwisho iliingia katika jalada la Mambo Mengine, na humo, kama kila mtu wa masijala ajuavyo, barua huzikwa pasipo matanga.

Mvua mbili zilipita. Mwenzetu mmoja, akitafuta waraka wa jambo lingine kabisa, aliikuta. Siku ya Jumamosi tukaenda watu watatu. Mzee alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akatuuliza habari za nyumbani, wala hakutaja barua mpaka tulipokwisha kunywa maji. Kisha akasema, "Wanangu, mmekuja kutazama au mmekuja kuzika?" Akatupandisha mlimani. Sehemu ya juu ya mwamba ipo bado: twaliona shingo la twiga, na nyuma yake mistari myekundu ambayo hatukuweza kuitambua. Chini ya shingo hakuna kitu ila uso mpya wa jiwe, mweupe, wenye alama za nyundo. Kiwiliwili cha yule mnyama kimo katika msingi wa nyumba ya mtu, au chini ya sakafu ya duka, nasi tulioujenga mji huu kwa mikopo ya mishahara yetu hatuna uhakika kwamba hakimo katika nyumba zetu wenyewe.

Vijana wale hatuwezi kuwalaumu sana. Walikuwa wakitafuta riziki, na hakuna aliyewaonya. Sheria ipo: miamba ya Kondoa ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa tangu mwaka 1937, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yalinda mchoro wowote wa mwambani uliofanywa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, uwe umetangazwa au haukutangazwa. Pia yamtaka mwenye kugundua kitu cha namna hiyo atoe taarifa. Yule mzee, asiyejua kusoma, aliitimiza sheria. Ofisi yenye kabati lililojaa vitabu vya sheria haikuitimiza. Sheria hailindi kitu kisichokuwa katika orodha ya mtu yeyote, kwa maana askari hawezi kutumwa mahali pasipo jina, wala bwana shamba hawezi kumwambia mkulima "usilime hapa" ikiwa yeye mwenyewe hajui hapa ni wapi.

Kwa hiyo twapendekeza Chama kianzishe daftari. Halitakuwa daftari la wataalamu, wala hatutajitia kusema mchoro huu ni wa miaka mingapi au ulichorwa na kabila gani. Mambo hayo yana watu wake, nao wenyewe hubishana. Sisi tutaandika aandikayo mtunza ghala: mahali, nani aliyetuonyesha, siku gani, kinachoonekana ni nini, urefu na upana wa mwamba, hali yake, na hatari iliyo karibu. Picha ya simu ya mkononi yatosha, pamoja na rula au kalamu iliyowekwa karibu ili kipimo kijulikane. Mtu asiguse rangi wala asimwagie maji ili ing'ae. Desturi hiyo ya kumwagia maji imeharibu zaidi kuliko wengi wajuavyo. Nakala ya kila ukurasa ipelekwe kwa Idara ya Mambo ya Kale, na nyingine ibaki kwa afisa utamaduni.

Katika mkutano wa mwezi uliopita mapendekezo haya yalipingwa kwa njia tatu. Wa kwanza walisema hakuna posho. Hatuna jibu kwao ila kuwakumbusha mbung'o wa Bwana Nash.

Wa pili walisema jambo zito zaidi, nasi twakiri lilitunyamazisha kwa muda. Walisema: mkiandika mahali palipo na michoro, mtawaonyesha njia wachimbaji wa hazina. Ni kweli. Katika vilima vya Kondoa wako watu wanaoamini ya kuwa Wajerumani, walipokimbia katika Vita Kuu ya kwanza, walificha dhahabu na rupia chini ya miamba, na ya kuwa michoro ni alama za kuonyesha mahali. Huchimba usiku chini ya picha zenyewe. Hazina hawaipati, wakipatacho ni majivu, mifupa na vipande vya mawe vya watu wa kale, navyo huvitupa nje kama takataka, na pamoja navyo historia ambayo haikuwahi kusomwa. Hivyo daftari letu halitabandikwa ukutani, wala picha zake hazitatumwa huku na huko kwa simu pamoja na ramani. Litafungiwa kama yanavyofungiwa majalada ya siri ya watumishi. Kutunza siri nako ni katika kazi tuliyoapishwa.

Wa tatu walikuwa vijana wetu wenye elimu ya juu, nao walisema adui mkubwa ni wazee wenyewe. Walitaja pango la Mungomi wa Kolo, ambako hata leo watu huenda kuomba mvua na kuponywa, na pombe ya mtama hurushwa ukutani juu ya michoro. Wakasema: pigeni marufuku kwanza, daftari baadaye. Hapa sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Pombe huharibu rangi, hilo hatulikani, na yafaa wataalamu na wazee wakae waamue ni sehemu gani ya ukuta iachwe. Lakini tuulizane: kwa nini michoro ya Mungomi ipo bado, na ya mwamba wa yule mzee wetu imekuwa kokoto? Mungomi ilikuwa na watu walioiogopa na kuiheshimu. Hakuna aliyethubutu kupeleka nyundo pale. Orodha ya Urithi wa Dunia imekuja juzi tu, na UNESCO yenyewe, ilipoiandika Kondoa, iliandika pia mila zinazoendelea katika mapango hayo kuwa sehemu ya thamani yake. Ukimfukuza mzee pangoni kwa ajili ya kuliokoa pango, utapata pango lisilo na mlinzi. Kwa hiyo katika daftari letu pawe na nafasi ya jina la mwenye mahali na ya desturi zake, na ikiwa atasema "hili msiliandike," tusiliandike.

Na mtu asidhani ya kuwa maandishi yakiwekwa kabatini yamekufa. Mwaka 1956 Bwana Ray Inskeep alichimba chini ya mwamba wa Kisese, humo humo Kondoa. Hakupata kuchapa habari yote ya kazi yake. Lakini vitu alivyovitoa vilitiwa alama kwa kina chake na kuhifadhiwa katika makumbusho, na zaidi ya miaka 60 baadaye wataalamu waliyafungua makasha, wakasoma alama, wakapima. Matokeo yalitoka mwaka 2018: ushanga uliotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, wenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Watu walikaa chini ya mwamba ule wakitoboa shanga ndogo kwa subira wakati ambao hakuna kijiji wala mji popote duniani. Hilo twalijua kwa sababu mtu fulani, katika jioni za kuchosha, aliandika namba ndogo juu ya kila mfuko. Jina la mwandika namba huyo sisi hatulijui. Labda alikuwa karani.

Daftari limekwisha kununuliwa kwa fedha za michango ya mwezi huu, nalo ni la kurasa 200, la jalada gumu. Liko kwa mwandishi wa Chama hapa Singe, na mwanachama atakaye kuandika aje jioni baada ya saa za kazi pamoja na mtu aliyemwonyesha mahali, kama aweza kumpata. Ukurasa wa kwanza umekwisha kujazwa. Tumenakili humo barua ya yule mzee kama ilivyo, pamoja na tarehe ya muhuri iliyopigwa siku ilipopokewa, na chini yake tarehe ya Jumamosi ile tuliyokwenda. Katika nafasi ya hali ya mwamba tumeandika: shingo la twiga lipo, mwili haupo.