Zawadi Iendayo Dandora

Huna mshahara, ewe kijana usomaye maneno haya, lakini wewe ndiwe mnunuzi mkubwa kuliko wote katika mwezi wa Desemba. Katika mitaa ya Eastlands, kutoka Kaloleni na Jericho hata Umoja na Kayole, mzazi hushika njia ya sokoni akiwa na orodha moyoni mwake, na orodha hiyo umeiandika wewe: viatu vipya, nguo mpya, na kwa mdogo wako gari la plastiki litembealo kwa betri. Asiponunua, hutazamwa. Hakuna hakimu mkali kama macho ya watoto asubuhi ya Krismasi, wakati mtaa mzima unapotoka nje kuonyeshana mavazi.

Zawadi za namna hiyo mimi naziita kodi. Mzazi huilipa kwa kuogopa macho ya mwanawe, na mwana huidai kwa kuogopa macho ya jirani. Upendo, ambao jina lake hutajwa sana siku ile, haukuulizwa shauri.

Hebu tuifuate zawadi hiyo mpaka mwisho wake. Gari la betri hufunguliwa tarehe 25. Likivunjika halina fundi, maana halikuundwa ili litengenezwe. Kabla shule hazijafunguliwa limo pipani, pamoja na kasha lake na karatasi yake ya kumetameta. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017. Lakini sheria ile haikugusa plastiki iliyokuwa ndani ya mfuko. Hiyo huenda Dandora.

Dandora si mbali na kwako. Jaa lile la taka lilifunguliwa mwaka 1975 katika machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa, na taka hazikukoma kumwagwa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 wa karibu na jaa hilo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubaliwa wakati ule. Na plastiki ichomwapo, moshi haubagui mitaa. Kicheko cha siku moja huko Umoja huwa kikohozi cha mwaka huko Korogocho.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba maneno haya yawafaa matajiri wa Karen, ambao watoto wao wana vyumba vilivyojaa vitu. Maskini, anunuaye mara moja kwa mwaka, aachwe afurahi. Jibu hilo lina haki ndani yake, wala silidharau. Mtoto wa Kayole anastahili kuchezea kitu kizuri kama mtoto mwingine yeyote. Lakini je, hicho auziwacho ni kizuri? Tajiri hununua kitu cha kudumu. Maskini huuziwa cha siku mbili, kwa fedha iliyokuwa ya karo ya Januari. Mtu akiibiwa huku anatabasamu, bado ameibiwa.

Na vitu vizuri vi mlangoni petu. Pale Kamukunji mafundi wa jua kali hugonga mabati mchana kutwa wakiunda masanduku ya wanafunzi. Sanduku la namna hiyo humaliza shule nawe, kisha likarithiwa na mdogo wako. Gikomba utapata koti la mtumba lenye mshono imara kuliko nguo mpya ya bei ile ile. Sijui ni nani aliyetufundisha kuuonea haya mtumba siku ya Krismasi, hali mwaka mzima twauvaa.

Kwetu Jericho, sisi ndugu wa tumbo moja tulikata shauri kwamba kila mtoto apewe zawadi moja tu: iliyotengenezwa kwa mkono, au iliyokwisha kutumika, au ya kumfaa shuleni. Sitakudanganya kwamba watoto walishangilia. Mwanangu mdogo alipewa gari la waya, ambalo kaka yake alilisuka kwa siku tatu, magurudumu yake yakikatwa katika ndara kuukuu. Akalitazama, akatazama gari la betri la jirani, akalia hata chakula kikapoa. Nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu niende dukani. Aliyenizuia ni kaka yake, kijana wa umri wako. Hakumkemea mdogo wake. Alimshika mkono akamtoa nje, akamwonyesha jinsi usukani wa waya unavyogeuza magurudumu ya mbele.

Shangazi yao hakuyakubali mapatano yale hata leo. Kila Krismasi huja kutoka Buru Buru na mfuko uliofura, na kila Krismasi twabishana naye mezani juu ya sahani ya chapati. Husema tunawanyima watoto utoto wao. Mwaka jana, kabla ya kuja, alimwuliza yule mdogo anataka aletewe nini. Mtoto akaomba koleo la kukatia waya.