Asiache Vidonge kwa Kuwa Amepata Nafuu

Mama mmoja ametuletea swali ambalo huenda limo katika nyumba nyingi. Mumewe, fundi wa kiwandani, aliambiwa na daktari kuwa moyo wake unapiga ovyo, akaandikiwa vidonge vya warfarini vya kuzuia damu isigande. Mwaka umepita. Bwana yuko kazini, wala hahemi tena apandapo ngazi. Lakini akipiga mswaki fizi hutoka damu, na kila safari ya kwenda kupimwa humpotezea siku ya kazi. Sasa vidonge amevifungia kabatini. Mama anauliza: je, kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa.

Moyo unapopiga ovyo namna hiyo, vyumba vyake vya juu hutetemeka tu badala ya kusukuma damu sawasawa. Damu ikituama humo huganda. Bonge moja dogo likichomoka na kufika kwenye ubongo, huziba mshipa, na hicho ndicho kiharusi. Warfarini haikuja kuyanyoosha mapigo ya moyo. Ilikuja kuzuia bonge. Kwa hiyo kujisikia mzima si dalili kwamba hatari imeondoka.

Dawa hii huzuia ini kutumia vitamini K katika kutengeneza vigandisho vya damu. Mtu akiiacha, nguvu yake hupungua kidogo kidogo, na baada ya siku tano hivi damu huwa imerudia hali yake ya kwanza. Dawa mpya, kama rivaroksabani, huisha nguvu upesi zaidi, kwa siku moja au mbili. Katika utafiti wa ROCKET AF, uliochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 14,000, wale waliotolewa kwenye rivaroksabani mwishoni na kuhamishiwa warfarini walipata viharusi vingi zaidi katika wiki zile za mpito kuliko wenzao waliokuwa wakitumia warfarini tangu mwanzo. Kinga ya kwanza ilikuwa imekwisha, na ya pili ilikuwa bado haijakomaa.

Mwenye vali ya chuma moyoni ana tahadhari kubwa zaidi, kwani bonge laweza kuikwamisha vali yenyewe. Huyo hutumia warfarini maisha yake yote. Mwanamke anayeitumia naye, akihisi ana mimba, amwone daktari mara moja, maana dawa hii yaweza kumdhuru mtoto. Lakini asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Fizi za yule bwana, je? Hizo ni sababu ya kwenda kupimwa, si sababu ya kuacha. Kipimo cha INR kwa wagonjwa wengi wa aina yake hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikizidi, daktari atapunguza dozi. Akitaka kung'oa jino, aseme mapema anatumia dawa gani. Mara nyingi jino hung'olewa bila kuisimamisha. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K nyingi. Asivikatae, bali avile kwa kiasi kisichobadilika-badilika. Aspirini na diklofenaki asimeze bila idhini. Akisahau kidonge hadi kesho yake, asimeze viwili pamoja. Akisafiri kwenda kijijini, ahesabu vidonge kabla ya kukata tiketi.

Choo kikiwa cheusi kama lami, au kichwa kikimuuma ghafla kupita kiasi, aende hospitali. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, aende saa hiyo hiyo.

Mama, tunakuomba usingoje tarehe ya kliniki. Vitoe vidonge kabatini, mfuatane na mumeo kwa daktari kesho asubuhi, na mseme wazi ni siku ngapi hakuvitumia. Siku moja ya mshahara hufidiwa. Mkono uliopooza huenda usirudi kushika nyundo.