Sauti ya mshauri nasaha nayo ipimwe

Mkoa wa Njombe unaongoza Tanzania kwa maambukizi ya VVU: utafiti wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na virusi. Kuanzia Njombe mjini hadi Makambako, njia panda ya malori ya Zambia na Songea, chumba cha ushauri nasaha kina kazi nzito.

Majibu ya kipimo ni yale yale; sauti ya anayeyatoa hutofautiana.

Mwaka 2002, mtafiti Nalini Ambady na wenzake, Marekani, walichuja rekodi za sauti za madaktari wa upasuaji hadi maneno yasisikike, ibaki toni tu. Sauti za kibabe zilihusiana na madaktari waliowahi kushtakiwa na wagonjwa.

Na kwenye chumba cha ushauri nasaha, je, anayepokelewa kwa ukali atatamani kurudi kuchukua dawa? Wizara ya Afya iwafundishe washauri kuitawala sauti, tena kwa mazoezi ya kurekodiwa.