Oili ya tustroku inunuliwe kwa alama, si kwa rangi wala kwa bei

Katika maduka ya vipuri na vilainishi, oili ya injini za mipigo miwili, ambayo mafundi na wateja huiita oili ya tustroku, huhesabiwa kuwa bidhaa ndogo. Huwekwa rafu ya chini, huuzwa kwa lita moja moja au pungufu, na mara nyingi mteja haulizi lolote zaidi ya bei. Huo ndio mwanzo wa hasara. Bidhaa hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama mtaji wa mwenye boti, chenso au jenereta utadumu au utaishia kwa fundi.

Soko lenyewe si dogo. Injini za kupachika za mipigo miwili zingali zikisukuma boti nyingi za uvuvi na za abiria katika pwani ya Tanzania na katika Ziwa Victoria. Mtwara na Lindi, wakulima wa korosho hutumia mashine za mgongoni zenye injini za aina hiyo kupulizia salfa. Wapasua mbao wana chenso, wakata majani wana mashine zao, na katika vibanda vya biashara zimo jenereta ndogo za wati 650 hadi 950. Ni kweli kwamba bodaboda na bajaji za siku hizi kwa sehemu kubwa zimehamia injini za mipigo minne, na kwamba masharti ya moshi yaliyotolewa Marekani mwaka 1996 yaliwasukuma watengenezaji wa injini za boti kuelekea huko huko. Hata hivyo, injini ya mipigo miwili ina vipande vichache, ni nyepesi, na fundi wa ufukweni anaijua. Kwa sababu hiyo haitaondoka sokoni kesho.

Kinachofanya oili yake iwe bidhaa ya pekee ni namna injini hiyo inavyofanya kazi. Haina hodhi la oili kama injini ya gari. Oili huchanganywa na petroli, hupita pamoja nayo ndani ya injini ikilainisha beringi za kranki, pistoni na kuta za silinda, kisha huungua na kutoka kwa njia ya ekzosi. Kwa maneno mengine, oili hiyo ina kazi mbili: kulainisha, na kuungua bila kuacha uchafu.

Hapo ndipo linapoanguka dai la wale wanaosema kwamba oili ni oili tu, na kwamba oili ya gari ikitiwa kwenye petroli inatosha. Oili ya gari hutiwa viungo vyenye madini kama kalisi na zinki, ambavyo ni vizuri ndani ya hodhi lakini vikiungua huacha majivu. Majivu hayo huganda kwenye plagi, juu ya pistoni na katika matundu ya ekzosi. Ringi hunasa, nguvu hupungua, na mwisho injini hukamata. Ubaya wa hasara hii ni kwamba haiji siku ya kwanza. Mwenye boti anaweza kutumia oili isiyofaa kwa miezi kadhaa akidhani amepata nafuu, mpaka injini inapozimika katikati ya maji ikiwa na watu ndani. Hapo suala si la biashara tena.

Sasa mnunuzi achague vipi? Jibu liko kwenye lebo, nalo halihitaji elimu ya ufundi. Kwa injini za boti zinazopozwa kwa maji, alama ya kutafuta ni TC-W3, ambayo husimamiwa na chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, NMMA. Oili yenye alama hiyo haina viungo vya kuacha majivu, na hupimwa pia uwezo wake wa kuzuia kutu na wa kuchanganyika na petroli. Alama za zamani za TC-W na TC-WII zilikwisha pitwa na wakati.

Kwa injini zinazopozwa kwa hewa, yaani chenso, mashine za kukata majani, za kupulizia salfa na jenereta ndogo, hali ni tofauti. Injini hizo huchemka zaidi kuliko ile iliyozungukwa na maji ya bahari au ziwa, na zinahitaji oili yenye nguvu ya kusafisha pistoni katika joto kali. Hapo alama za kutafuta ni za Kijapani, JASO, hasa daraja la FC au FD, au zile za kimataifa za ISO, EGC na EGD. FC na FD zote hutoa moshi mdogo, na FD husafisha zaidi. Oili ya boti katika chenso si chaguo zuri, na oili ya chenso katika boti vivyo hivyo, hata kama chupa zote mbili zimeandikwa kwamba ni za mipigo miwili.

Rangi isimdanganye mtu. Buluu, nyekundu au kijani ni rangi iliyotiwa ili mtumiaji aone kwamba petroli yake imekwisha changanywa. Haisemi lolote juu ya ubora. Oili inayopimwa kwa kopo kutoka kwenye pipa lisilo na lebo, au iliyojazwa katika chupa za maji, haina ushahidi wowote hata ikiwa na rangi ya kuvutia. Mnunuzi hawezi kujua alichopewa, na muuzaji hawezi kujitetea siku injini ikifa.

Jambo la pili baada ya alama ni kipimo. Injini nyingi za kupachika za siku hizi huendeshwa kwa uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, au mililita 400 kwa dumu la lita 20. Katika saa za kwanza za injini mpya, baadhi ya watengenezaji hutaka 25 kwa 1, ambayo ni mililita 800 kwa dumu hilo hilo. Kitabu cha injini ndicho chenye kauli ya mwisho. Wapo wanaoongeza oili wakiamini kwamba wanailinda injini. Oili ikizidi, plagi huchafuka na masizi hujaa kwenye ekzosi, na kwa kuwa imechukua nafasi ya petroli, mchanganyiko unaoungua huwa na petroli pungufu na joto hupanda.

Kwa mwekezaji mdogo, hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme boti inatumia lita 20 za petroli kwa safari na inafanya safari 25 kwa mwezi. Hizo ni lita 500 za petroli, na kwa uwiano wa 50 kwa 1 zinahitaji lita 10 za oili. Tuseme pia kwamba oili yenye TC-W3 inazidi ile isiyojulikana kwa Sh. 4,000 kwa lita. Tofauti nzima ni Sh. 40,000 kwa mwezi, au Sh. 1,600 kwa safari. Kila mwenye chombo alinganishe kiasi hicho na gharama ya pistoni, ringi na fundi, kisha aongeze mapato ya siku ambazo boti italala ufukweni huku mabaharia wakisubiri. Hakuna haja ya kwenda mbali zaidi na kununua oili ya sintetiki ya bei ya juu kabisa kama kitabu cha injini hakidai hivyo. Kinachotakiwa ni daraja sahihi.

Kwa mwenye duka, somo ni la biashara zaidi. Mtaji mdogo unatosha kuweka aina mbili tu: TC-W3 kwa watu wa maji, na JASO FC au FD kwa watu wa chenso na jenereta. Vichupa vya mililita 100 vinavyotosha lita 5 za petroli kwa uwiano wa 50 kwa 1 ni msaada mkubwa kwa mteja asiye na kipimo. Duka linalouliza mteja ana injini gani kabla ya kutaja bei litauza polepole mwanzoni, lakini mteja wake atarudi. Vikundi vya wavuvi navyo vina nafasi yao: vikinunua oili kwa katoni na kugawana, tofauti ya bei inayowakimbiza wengi kwenye pipa lisilo na lebo itapungua.

Serikali ina Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani kwa ajili ya bidhaa hafifu na za bandia, lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila kaunta na kila ufukwe. Mlinzi wa kwanza wa mtaji ni mwenye mtaji mwenyewe, na ulinzi huo unaanza kwa kusoma lebo kabla ya kutoa fedha.