Gari Limeinuka, Akina Mama Hawapandi

Tunaandika kutoka Misigiri, hapa njia inapogawanyika, moja ikielekea Kiomboi na nyingine ikiteremka Sekenke kwenda Shelui, Igunga na Nzega. Katika ukurasa huu mmezoea kusoma habari za chanjo, uji wa watoto na shinikizo la damu. Safari hii tunazungumza juu ya springi za gari. Msishangae. Springi zinaweza kumtesa mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe, na hizi tunazozisema zilinunuliwa kwa fedha za alizeti.

Usharika wetu una Land Cruiser, lile refu lenye milango ya nyuma ambalo watu huliita mkonga kwa ajili ya bomba la kuvuta hewa lililopanda ubavuni mwake. Ni gari lililokwisha kutumika, lakini imara. Hubeba kwaya, saruji na majeneza, na zaidi ya yote hubeba wagonjwa kutoka vijiji vya ndani. Katika mvua zilizopita lilinasa mara mbili kwenye udongo mweusi upande wa Wembere, na mara ya pili lililala huko. Ndipo kamati ya gari ikaamua liinuliwe. Gereji moja ya mjini iliwaahidi kwamba halitanasa tena, litapita makorongo bila kugusa, na ndani litakuwa laini kama basi. Umoja wa wanawake ulikuwa umetunza fedha za magunia 26 ya alizeti kwa ajili ya machela mpya na godoro lake. Kikao kikazielekeza kwenye springi.

Lilirudi likiwa zuri kulitazama, hatukatai. Vijana walipiga picha mbele yake. Akina baba walilizunguka wakigonga matairi kwa viatu, mmoja akasema sasa hata shetani analiogopa. Wiki hiyohiyo likaitwa kumchukua mama mwenye mimba ya miezi tisa, uchungu umekwisha kuanza. Akasimama nyuma ya gari, akaangalia pa kukanyagia, akatugeukia: "Nesi, hapa napanda kwa mguu upi?" Palikuwa chini ya goti, sasa pako juu ya goti. Inchi 3 ni urefu wa kidole tu, lakini mwulize mwenye uchungu. Ikabidi kiletwe kigoda kutoka jikoni, na wawili wamshike makwapa.

Njiani tuliona mengine. Springi hizo ni ngumu. Zimetengenezwa kwa gari lililojaa mzigo, na zikibebeshwa mzigo hufanya kazi nzuri. Magari ya watalii kule Arusha, yaliyorefushwa na kuongezewa viti na paa la kufunguka, huwekewa springi za namna hiyo kwa sababu siku zote ni mazito. Letu likiwa na dereva, nesi, ndugu mmoja na mgonjwa, uzito hautoshi kuzikunja. Springi isipokunjwa haipunguzi mshindo wa shimo. Mshindo hupanda moja kwa moja hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi kwenye mwili.

Ninyi mlio na watoto mnajua maana ya kutingishwa na tumbo kubwa. Sisi wauguzi tunaongeza haya: mfupa uliovunjika husogea ndani ya bandeji, kidonda cha upasuaji huvutwa, na sindano ya dripu hutoka kwenye mshipa, ikabidi kusimamisha gari gizani na kutafuta mshipa mwingine kwa tochi. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa 2. Dereva akilazimika kwenda polepole ili asimrushe, tumempotezea dakika zake. Akikimbia, anamrusha. Kabla ya springi hizi hatukuwa na uchaguzi wa namna hiyo.

Na je, limeacha kunasa? Limenasa. Hapa ndipo akina baba walipokunja nyuso, maana hilo ndilo jambo lililonunuliwa. Fundi mmoja mzee wa hapa kwetu alitueleza kwa kijiti mchangani. Nyuma na mbele ya gari hili ipo ekseli, chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na katikati yake kuna kile kibuyu cha difu. Springi ziko kati ya ekseli na bodi. Ukiweka springi ndefu unainua bodi, lakini ekseli na difu yake vinabaki palepale, kwa sababu vimeshikwa na magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi, nayo huiinua kwa nusu tu ya urefu ulioongezeka. Basi ni kama mama anayevuka korongo akapandisha kanga mpaka magotini. Kanga haitalowa, lakini miguu iko kwenye tope lilelile.

Tusiwe wadhalimu. Bodi iliyoinuliwa haikwaruzwi na visiki, na pua ya gari haigongi ukingo wa korongo linapopanda. Kwa mtu anayebeba mzigo porini kila siku hiyo ni faida ya kweli. Lakini kwenye udongo wa Wembere ni difu inayoburuta, na difu haikupanda hata unywele mmoja.

Linalotutia hofu zaidi ni Sekenke. Msiopita huku, huo ni mteremko mkali wenye kona, na malori yaliyoangukia pale yanajulikana na kila dereva wa njia hii. Sisi tunateremka kuwafuata wagonjwa wa upande wa Shelui na kupanda nao. Gari likiinuliwa uzito wake unapanda juu, nalo hulala zaidi kwenye kona. Dereva wetu, kijana mtulivu asiyependa maneno mengi, alisema usukani umekuwa mwepesi na haurudi wenyewe kama zamani. Yule fundi mzee alisema ndivyo inavyokuwa ekseli ya mbele inapobadilika mlalo bila kurekebishwa. Alipoingia chini akakuta paipu za mpira za breki zimevutika karibu kunyooka, kwa sababu hakuna aliyeweka ndefu. Tena magari mengi ya aina hii yana vali nyuma inayopima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya bodi na ekseli. Ukiinua bodi bila kuirekebisha, vali hudhani gari ni tupu na kuzipunguzia nguvu breki za nyuma, hata kama ndani mmejaa watu. Hayo gereji haikuyataja, wala kwenye risiti hayamo.

Labda baba wa nyumbani kwako naye ametamani kuinua Prado au Land Cruiser ya familia. Usimkatalie kwa hasira, maana mwanaume na gari lake ni habari ndefu. Mwombe aulize gereji gari litabeba uzito gani siku za kawaida, si siku ya mavuno. Aulize kama bei imeingiza paipu za breki, vali ile, mlalo wa ekseli na kushusha mwanga wa taa, maana gari lililoinuka mbele huwamulika usoni wanaokuja. Na springi za zamani zirudi nyumbani ndani ya gari hilohilo, zimefungwa kwa waya.

Zetu hazikurudi. Gereji kwanza ilisema springi mpya zitalainika zenyewe baada ya mwezi. Miezi minne imepita. Sasa inasema zile za zamani hazionekani. Kamati imegawanyika: wengine wanataka gari lirudishwe lilivyokuwa, wengine wanasema fedha imekwisha kutumika na gari linapendeza. Umoja wa wanawake umeandika barua kuomba mambo mawili: breki na usukani virekebishwe kabla gari halijateremka tena Sekenke, na nyuma ziwekwe springi za kiwango cha kiwandani hata kama ni zilizotumika. Fundi mzee amekubali kuzifunga kwa malipo ya soda, ingawa tutamlipa.

Kwa sasa tunawaambia wajawazito na waliojifungua wapige namba 115, ile ya m-mama iliyozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Haitozwi, nayo humtafutia mama au mtoto mchanga gari la wagonjwa au dereva wa karibu. Wagonjwa wengine bado wanapanda kwa kigoda.

Kama usharika wenu umewahi kurudisha gari katika hali yake ya kwanza, tuandikieni mlipata wapi springi na kwa bei gani. Kamati inakaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na tungependa kuingia tukiwa na bei mkononi.