Kuitwa "Shagala" Ni Tusi kwa Nani?



Ijumaa iliyopita tulikutana kwa mwenzetu hapa Al-Murabba, wauguzi na mainjinia watupu, tukala pilau kisha tukatazama Beatriz at Dinner, filamu ya Miguel Arteta ya mwaka 2017. Kwa ambao hamjaiona: Beatriz (Salma Hayek) ni mhamiaji kutoka Mexico anayewakanda wagonjwa wa saratani huko California. Gari linamharibikia kwa mteja wake tajiri, Kathy, naye anambakiza kwa chakula cha usiku. Mgeni rasmi, tajiri Doug Strutt, anamdhania mtumishi na kumwagiza kinywaji. Baadaye anatembeza picha ya kifaru aliyemuua Afrika, Beatriz anaitupa ile simu.

Sebule ikalipuka. "Mtaalamu mzima anafanywa shagala!" Kila mtu akatoa kisa chake, cha kwenye lifti, cha dukani.

Mimi nikakwazika. Binti aliyepika pilau hiyo alikuwa jikoni anasugua sinia. Ni wa kwetu, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Ijumaa ndiyo siku yake ya mapumziko, kaja kutafuta riyali mbili tatu. Hakuna aliyemwita atazame.

Sasa naomba kuuliza: kosa la Strutt ni kumkosea Beatriz cheo? Angekuwa kweli mtumishi, dharau ile ingekuwa halali? Maana sisi tulichokasirikia ni kuchanganywa na wale wa jikoni, si namna wanavyotendewa. Nisijitoe: mimi nikidhaniwa shagala, huvuta kitambulisho cha hospitali kabla hata sijajibu.

Na wala hatufanani na Beatriz kama tunavyojidanganya. Tunafanana na Kathy. Anampenda Beatriz kwa sababu alimhudumia bintiye mgonjwa, anamwita rafiki wa familia, lakini Beatriz akishafungua mdomo mezani, Kathy huyo huyo anataka aondoke.

Machi 2021 Saudia ilipolegeza kafala, wengi wetu wa sekta binafsi tuliruhusiwa kuhama mwajiri kwa masharti. Wafanyakazi wa ndani waliachwa nje ya mageuzi yale. Tulipongezana kwenye simu hadi usiku wa manane. Nani kati yetu aliuliza habari zao? Halafu mtu anasimama kunihutubia kuhusu ubaguzi wa Waarabu! Upo, nimeuonja. Lakini hili la dada wa kazi kula jikoni juu ya kigoda hatukufundishwa Riyadh, tulipanda nalo ndege.

Mtasema binti alilipwa. Strutt naye hulipa watumishi.

Ijumaa ijayo ni zamu yangu kupokea wageni. Yule binti nimemwalika, na safari hii ni wa kukaa mezani, pilau nitapika mwenyewe. Mwenye shida na hilo aniambie mapema nipunguze mchele.