Bibi kaniumbua na kitabu chake!

Wiki hii sina stori za mapenzi wala za kijiweni. Nina stori ya kitabu. Subiri kwanza, usikimbilie ukurasa wa michezo!

Jumamosi nilimchukua mpwa wangu wa miaka kumi, tukapanda hiasi ya barabara ya Moshi, tukashuka, bodaboda ikatupandisha mlimani kwa Bibi. Mpwa huyu ni mtoto wa simu. Katuni asubuhi, katuni jioni. Nikajisemea, leo nitamwonyesha kitabu kilichonilea mimi mjomba wake.

Kitabu chenyewe ni "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Hicho cha Bibi hakina jalada, mende wamekila kona, na kinakaa kwenye sanduku la bati pamoja na vitenge vyake. Nilipokuwa na umri wa mpwa wangu nilikisoma mara tatu, nimejilaza chini ya mgomba.

Kwa ambao hamjakisoma: watu wanatekwa huko bara, wanasafirishwa kwa jahazi, manowari ya Waingereza inawaokoa baharini. Wanaletwa Mombasa, wanaanza maisha upya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari miaka ya 1870. Mwandishi mwenyewe ni mtoto wa hao waliookolewa. Mimi nilipenda pale wanapoanza moja: nyumba, shamba, shule. Na kulikuwa na kengele ya kuwaonya watu wavamizi wakija. Hadi leo sehemu ile ya Mombasa inaitwa Kengeleni.

Basi, baada ya kushiba loshoro, nikaanza kusoma kwa sauti. Bibi ana miaka themanini na kitu, macho yamechoka, lakini nikiruka mstari ananirudisha! Mtoto katulia kimya, simu kaisahau. Nikajiona mwalimu mkuu.

Ghafla mtoto akauliza: "Mjomba, kwani hapo walipojenga hapakuwa na wenyewe?"

Jamani! Mara tatu nimesoma, sikuwahi kujiuliza swali hilo. Nikaanza kuumauma maneno. Kumbe wenyewe walikuwepo, na mabwana wa watumwa wa Mombasa hawakukipenda hata kidogo kijiji kile, maana watumwa waliotoroka walikimbilia kwa wamisionari.

Bibi akasema, "Funga kitabu kwanza, mjukuu wangu."

Akatusimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Novemba 1951 alikuwa msichana wa miaka kumi na moja, wanaishi Engare Nanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru. Serikali ya Waingereza ikaamua sehemu ile iwe mashamba ya ng'ombe ya Wazungu. Watu kama 3,000 wakaondolewa kwa nguvu, nyumba zikateketezwa. Wakaambiwa waende Kingori, kwenye joto na malaria. Wengi walikataa kukaa huko, wakajibana kwa ndugu zao mlimani. Familia ya Bibi ikawa mojawapo. Walifika usiku, mama yake kabeba sufuria moja na mtoto mgongoni. Asubuhi baba yake akaazima panga, akaanza kufyeka.

Kirilo Japhet nilikuwa nalijua jina tu. Wameru walichanga pesa, mwaka 1952 akaenda New York kuwasemea Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupita, lakini dunia ilisikia, miaka miwili kabla TANU haijazaliwa. Mwaka 1967 yeye na wakili Earle Seaton wakaandika kitabu kuhusu kesi hiyo. Kilichoniuma ni kwamba Bibi yangu alikuwa ndani ya stori hiyo, na mimi nilikuwa namuuliza habari za mbege tu.

Nikamwuliza, "Sasa Bibi, Waingereza haohao waliowachomea nyumba, kitabu hiki kinawasifu mpaka basi. Ulikipendaje?"

Akacheka. "Mwalimu aliniazima mwaka uliofuata, hakukidai tena. Sikuwa nasoma habari za Wazungu. Nilikuwa nasoma habari za watu waliofika mahali bila kitu wakajenga. Nilitaka kujua kama wataweza."

Mpwa wangu akadakia: "Na nyinyi mliweza?"

"Si hii nyumba umekaa ndani yake?"

Wapenzi wasomaji, niliumbuka. Vijana wa mjini tunajidai wajanja, tunajua majina ya wachezaji wote wa Ulaya na watoto wao. Lakini kitabu cha Bibi nilikisoma peke yangu chini ya mgomba, na mwenye kitabu alikuwa jikoni, hatua ishirini tu! Laiti ningemwita.

Ushauri wangu wa wiki: kama kuna kitabu kilichowahi kukukosesha usingizi utotoni, usimrushie mtoto akasome peke yake. Nenda nacho kwa mzee aliyekipenda kabla yako, kaeni watatu, someni kwa sauti. Mwacheni mtoto aulize. Nenda mapema, wazee wenyewe wanapungua.

Kitabu tumekirudisha kwenye sanduku. Mpwa kaniapia kwamba Jumamosi ijayo lazima turudi, wamebakisha kurasa arobaini. Mimi naambiwa nibebe sukari. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!